UZI: Ladyhawke (1985) na msuko wake. Sharti moja limebeba filamu nzima

#1 Fundi_Msuko (mleta uzi)

Wakuu salaam. Filamu za mapenzi na mapanga za Zama za Kati huwaangusha waandishi kwa njia ileile: ngome ipo, farasi wapo, binti yupo, adui yupo, ila ukifika katikati hakuna tukio linalosukuma jingine. Yamepangwa foleni tu. Naleta Ladyhawke, mwongozaji Richard Donner, dakika 121, kwa sababu mishono yake inaonekana vizuri, ile iliyoshika na ile iliyofumuka. Asiyetaka kujua mwisho akaitazame kwanza, hapa tunamwaga yote.

Kwa aliyesahau: Phillipe Gaston, kibaka anayeitwa Panya (Matthew Broderick), anatoroka gereza la Aquila siku ambayo alikuwa anyongwe. Anajipenyeza kwenye mtaro wa maji machafu, akipiga porojo na Mungu njia nzima. Hakuna aliyewahi kutoka humo hai. Akiwa mbioni anaokolewa na Etienne Navarre (Rutger Hauer), zamani kapteni wa walinzi wa Askofu, mtu anayesafiri na mwewe. Jua likizama Navarre haonekani. Badala yake kuna mbwamwitu mweusi na mwanamke, Isabeau d'Anjou (Michelle Pfeiffer). Askofu wa Aquila alimtaka Isabeau, akamkosa, akawalaani wapenzi hao: mchana Isabeau ni mwewe, usiku Navarre ni mbwamwitu. Hawawi binadamu kwa wakati mmoja.

Hoja yangu ni kwamba karibu kila sini kali ya filamu hii imezaliwa na sharti hilo, na karibu kila sini legelege ni ile isiyogusana nalo.

Angalieni mtazamo. Wapenzi wenyewe hawawezi kubeba hadithi. Kila mmoja analala nusu yake, na tunaambiwa hawakumbuki maisha yao ya unyama. Anahitajika mtu wa tatu aliye binadamu mchana na usiku, ndiyo maana macho ya filamu ni ya Phillipe ingawa stelingi ni Navarre. Mwandishi asiyefikiri angeanza na Navarre, na siri ingekufa dakika ya kumi, maana Navarre anaijua.

Mtu huyo wa tatu lazima awe mjumbe, kwa kuwa wapenzi hawawezi kusemezana. Na mjumbe waliyempata ni mwongo wa kuzaliwa. Anachukua neno la huyu, analitia sukari, anampelekea yule. Kama Phillipe angekuwa mkweli, sini za kupeleka salamu zingekuwa posta tu. Kwa kuwa anadanganya kwa wema, kila salamu ina mchezo ndani yake.

Maadui nao wamegawanywa na sharti. Mchana ni askari wa Marquet wanaomsaka Navarre. Usiku ni Cezar, mwinda mbwamwitu aliyetumwa na Askofu. Hakuna saa ya kupumzika, na hatari ya mchana haifanani na ya usiku.

Nani ana la kuongeza au kupinga?

#2 Bi_Taharuki

Umeanza vizuri mkuu, ila umeruka mpangilio wa kufichua. Sharti zuri likitajwa mapema na kwa mdomo limeshakufa. Humu linapanda ngazi.

Mchana tunaona mwewe anayetunzwa kupita kawaida. Ni swali dogo tu. Usiku wa kwanza, kwenye makazi ya mkulima, mwenye nyumba anamvamia Phillipe na shoka, mbwamwitu anatokea gizani na kumrarua. Kisha mwanamke mwenye joho anamwendea yule mnyama bila hofu yoyote. Asubuhi Navarre yupo, mwanamke hayupo, na Navarre hataki maswali. Baadaye askari wanawavamia, mwewe anachomwa mshale. Hapo ndipo mtu aliyeonekana wa chuma anababaika: anampa Phillipe farasi wake na ndege aliyejeruhiwa, ampeleke kwa mtawa Imperius kwenye ngome iliyobomoka. Usiku ule Phillipe anaingia chumbani anakuta mwanamke amelala, na mshale uko kifuani mwake.

Ule mshale ndio ufundi wenyewe. Filamu inathibitisha siri kwa kitu kinachoonekana, jeraha lililohama kutoka mwili mmoja kwenda mwingine, na maneno yanafuata baadaye. Imperius akianza kusimulia, mtazamaji ameshajua *nini*, anataka kujua *kwa nini*. Waandishi wengi hupindua mpangilio huo: maelezo ya dakika tatu kwanza, ushahidi baadaye, na ushahidi ukifika umeshapoa.

Na angalia aliyepewa kazi ya kusimulia. Imperius ndiye aliyekuwa akiwaungamisha wapenzi hao, na ndiye aliyetoa siri yao kwa Askofu akiwa amelewa. Kwa hiyo anayoyasema ni historia na ni ungamo kwa pigo moja. Ukitaka kumwaga habari za nyuma bila mtazamaji kupiga miayo, mpe anayeziona aibu kuzitaja.

Tena wamekataa kisengerenyuma. Hatuonyeshwi Navarre na Isabeau wakipendana kabla ya laana. Wangeonyesha busu moja tu la zamani, kiu yote ya saa mbili ingeisha hapo.

#3 Mzee_Pingamizi

Mnaisifia mno. Mimi nina malalamiko matatu.

Askofu. John Wood anacheza vizuri, lakini Askofu hana msuko. Anakaa, anatuma watu, anangoja auawe. Tunaambiwa aliwahi kutamani, hatuoni tamaa hiyo ikimfanyia kazi leo.

Dawa ya laana. Imperius anatokea tu na kusema amegundua kwamba laana itavunjika wakisimama wote wawili kama mtu na mke mbele ya Askofu katika siku isiyo na usiku na usiku usio na mchana (yaani jua likipatwa), na kwamba siku hiyo ni baada ya siku tatu. Ameipata wapi? Hakuna aliyetoka jasho kuitafuta. Ni zawadi.

Muziki. Sintesaiza na gitaa la umeme kwenye Zama za Kati. Andrew Powell alitunga, Alan Parsons akazalisha, na kila farasi akikimbia mtu anatolewa kwenye hadithi.

#4 Fundi_Msuko (mleta uzi)

Muziki tuuache Mzee, uzi utahama.

Kuhusu Askofu nakuunga mkono, na ndicho nilichomaanisha niliposema sini legelege hazigusani na sharti. Laana haimgharimu Askofu chochote. Angekuwa naye amepoteza kitu kila jua likichomoza, kila sini yake ingekuwa na joto.

Dawa ya laana ni zawadi kweli, ila tazama inavyofanya kazi. Filamu haimruhusu Navarre kuikubali. Yeye anataka kwenda Aquila kumuua Askofu, basi. Imperius anajua Askofu akifa kabla ya saa ile laana inabaki milele. Kuanzia hapo kuna mipango miwili inayokwenda mahali pamoja, siku moja, kwa njia moja, na inaharibiana. Stelingi mwenyewe ndiye hatari kubwa kwa mapenzi yake. Saa ya siku tatu peke yake isingetosha kusukuma nusu ya pili. Kinachosukuma ni kwamba mwenye upanga haiamini saa hiyo.

Kosa ninaloliona mara nyingi kwenye skripti zetu ni kuweka siku ya mwisho ambayo wahusika wote wanaikubali. Wanabaki kukimbia pamoja upande mmoja, bila wa kumpinga njiani.

#5 Kata_Picha

Mimi ni mtu wa kuhariri, niseme juu ya kilele, maana pale kuna kazi ya mikono.

Kabla ya kuingia kanisa kuu la Aquila, Navarre anamwachia Imperius agizo: kengele zikilia ujue misa imeisha salama na mimi nimeshindwa, basi mwue mwewe asiishi peke yake. Agizo hilo ni kufuli la kwanza. Kufuli la pili ni milango ya kanisa iliyofungwa kwa ndani. Phillipe anarudi kwenye maji yaleyale machafu aliyotorokea, anaingia kwa chini, anafungua. La tatu ni jua.

Sasa fuata mfuatano. Navarre anaingia na farasi hadi ndani ya kanisa. Anapigana na Marquet. Marquet anarusha kofia lake la chuma, linavunja kioo cha dirisha, na kwenye tundu lile Navarre anaona jua linamegwa. Ndipo anapojua Imperius alikuwa sahihi. Na kengele zinalia. Yaani anapata imani na kupoteza tumaini karibu kwa wakati mmoja: dawa ilikuwa kweli, na yeye mwenyewe ameagiza Isabeau auawe.

Hapo pana somo la uhariri. Kengele zingelia *kabla* ya kioo kuvunjika, tungekuwa na huzuni tu. Kioo kikivunjika kwanza, huzuni inakuwa na kosa ndani yake. Matukio mawili yaleyale, ukibadilisha mpangilio umebadilisha filamu.

Baada ya hapo hana cha kupoteza, anamwendea Askofu amuue. Askofu anajitetea kwamba akiuawa laana haitaisha, na Navarre haoni tena sababu ya kujali. Isabeau anaingia akiwa mtu. Anamkabili Askofu, wanamlazimisha awatazame wote wawili, laana inakatika, anamtupia zile kamba za ngozi alizokuwa akifungwa miguuni akiwa mwewe. Zile kamba zimeonekana toka mwanzo bila kusemwa chochote. Kitu kidogo, kimetunzwa filamu nzima, kimetumika mara moja.

#6 Mwalimu_wa_Ngano

Nimeona mahali watu wanadai filamu hii imechukuliwa kwenye ngano halisi ya kale. Hadithi imeandikwa na Edward Khmara, na kwenye skripti yumo yeye, Michael Thomas na Tom Mankiewicz. Lakini vipande vyake vina ukoo wa kweli katika fasihi ya Ufaransa ya karne ya 12, na anayetaka kuandika aina hii ajue alikotoka.

Marie de France ana mashairi mafupi ya masimulizi. Katika Bisclavret, mume hupotea siku tatu kila wiki akiwa mbwamwitu, na mkewe anamsaliti kwa kumfichia nguo asiweze kurudi kuwa mtu. Katika Yonec, mwanamke amefungiwa mnarani na mume mzee, na mpenzi wake humjia dirishani akiwa ndege wa mawindo. Mume anatega vyuma vyenye ncha dirishani, ndege anajeruhiwa, na jeraha ni la mtu yule. Ona: mnyama ni upande wa pili wa mpenzi, na jeraha linavuka miili. Bi_Taharuki ameusifia ule mshale, basi huo ndio ukoo wake.

Chrétien de Troyes anatupa mfupa wa msuko. Katika Yvain, shujaa anampata mke mapema kabisa. Kisha anaomba ruhusa ya mwaka mmoja akashindane, anasahau kurudi, anakataliwa, anarukwa na akili msituni, halafu ndipo safari ya pili inaanza, ya kustahili alichokwisha kupata na kukipoteza. Mizunguko miwili. Erec et Enide nayo ni hivyo. Ladyhawke imekata mzunguko wa kwanza na kuutupa nje ya filamu: wapenzi wameshapatana na kupotezana kabla hatujafika. Tunaanzia kwenye mzunguko wa pili, na wa kwanza tunausikia kwa Imperius. Ndiyo maana filamu haina sini za kutongozana. Mapenzi yameshathibitishwa, kinachojaribiwa ni ustahimilivu.

Anayepanga kuandika ya kwake achague mapema: unaanzia kabla ya kupatana au baada ya kupotezana? Ukitaka vyote viwili ndani ya dakika 100, kimoja kitakuwa kimepikwa nusu.

#7 Taa_na_Lenzi

Upande wa picha kidogo. Mpiga picha mkuu alikuwa Vittorio Storaro, na filamu ilipigwa Italia: Castell'Arquato, Torrechiara, na ile ngome ya Imperius ni Rocca Calascio, Abruzzo, zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Ngome imekaa kwenye ncha ya mlima, na hiyo imesaidia msuko moja kwa moja. Askari wanawavamia alfajiri, Isabeau anapanda mnara na Phillipe, anateleza, Phillipe anamshika mkono, mkono unamponyoka. Anaanguka. Mwanga wa jua unamkuta hewani, anakuwa mwewe, anaruka. Laana iliyowatesa ndiyo iliyomwokoa. Bila kimo kile hakuna sini ile.

Sasa kwa mnaotaka kufanya kitu kama hiki huku kwetu, kuna tatizo la saa. Karibu na ikweta jua linachomoza na kuzama karibu saa 12 mwaka mzima, na mwangaza wa alfajiri unaotosha kupiga bila taa ni dakika 20 na ushee tu. Kaskazini mwa Italia ni nusu saa hivi, tena majira ya baridi mchana unafupika hadi saa 9 na usiku unafika 15. Mwandishi wa kule anaweza kumpa mbwamwitu saa nyingi kuliko mwewe. Wewe wa Tanga au Kisumu umegawiwa nusu kwa nusu. Na sini ya alfajiri yenye shoti kumi huimalizi asubuhi moja. Gawa asubuhi tatu, shoti tatu au nne kila siku, na ile ya uso ipigwe siku ya kwanza kabla mawingu hayajakuharibia.

Kupatwa kwa jua nako kuna mitego. Jua hupatwa mwisho wa mwezi, mwezi ukiwa hauonekani kabisa. Ukiandika mbalamwezi kubwa usiku wa kuamkia siku ya tukio umejifunga bao. Jua linamegwa taratibu kwa zaidi ya saa nzima kabla ya giza kamili, na giza lenyewe halizidi dakika saba na nusu. Kwa hiyo taa za kanisani zianze kufifia toka misa inapoanza, zisizimwe ghafla. Jua lilipopatwa tarehe 3 Juni 1239, Ristoro d'Arezzo aliyelishuhudia huko Italia alipima giza kwa muda wa mtu kutembea hatua 250. Kipimo hicho kinamfaa sana mwandishi: hatua 250, kutoka mlangoni hadi madhabahuni na kurudi.

#8 Kalamu_Mpya

Wakuu, naomba msaada wa vitendo. Nina wazo la wapenzi waliofungwa na sharti (si la wanyama). Nianzie wapi ili lisife katikati? Nina kurasa 30 na tayari nimeishiwa matukio.

#9 Fundi_Msuko (mleta uzi)

Kalamu_Mpya, kuishiwa ukurasa wa 30 maana yake sharti lako halijakamilika. Weka skripti pembeni, andika sharti kwa sentensi moja, halafu lijibu maswali haya kwenye karatasi:

Linaanza na kuisha saa ngapi, na nani hawezi kulikwepa? Jeraha, njaa, usingizi vinavuka? (Ladyhawke: jeraha linavuka.) Kumbukumbu inavuka? (Haivuki, ndiyo maana mjumbe anahitajika.) Nani analijua mwanzoni? Nani anafaidika likiendelea? Linaweza kuokoa maisha mara moja? Hili la mwisho usiliruke. Sharti linaloumiza tu linachosha, lile la mnarani linakumbukwa kwa sababu liligeuka.

Kisha chora jedwali. Ukurasa mmoja wa skripti ni dakika moja kwa makadirio, kwa hiyo filamu ya dakika 100 ni kurasa 100, na sini zikiwa za dakika mbili hivi unapata 50 hadi 60. Safu za jedwali: namba ya sini, saa ya siku, nani yuko chini ya sharti wakati huo, nani anajua nini, nini kimebadilika sini ikiisha. Ukikuta sini tatu mfululizo safu ya mwisho iko tupu, umeshapaona panapofia.

Mabadiliko yenyewe, yaani alfajiri na magharibi zako, yasizidi manane, na yanayoonyeshwa kwa ukamilifu yawe mawili au matatu. Mengine kata tu: jua linazama, sini inayofuata usiku umeshaingia. Ladyhawke inatuonyesha kwa ukaribu lile la mnarani na lile la theluji, ambapo wapenzi wanaonana wote wakiwa watu kwa nukta chache, mikono ikikaribia kugusana, na jua linawatenganisha. Lile la theluji limewekwa baada ya nusu ya filamu makusudi. Mtazamaji anapewa tone moja ajue anachonyimwa. Hesabu: wapenzi wanaonana wakiwa watu mara mbili tu filamu nzima, hapo na kanisani.

Mwisho, mnyororo wa kwanza na wa mwisho. Kitendo cha kwanza cha filamu kiwe ndicho ufunguo wa mwisho. Phillipe anatoka kwa mtaro, kengele za Aquila zinatangaza kutoroka kwake, Navarre anazisikia na kuzichukua kama ishara, anamtafuta mtu pekee anayejua njia ya kutoka, kwa sababu njia ya kutoka ni njia ya kuingia. Mtaro huohuo unafungua kanisa. Ondoa mtaro, filamu haina mwanzo wala mwisho. Jaribu hivyo kwenye kazi yako: futa sini ya kwanza, uone kama ya mwisho inaanguka. Isipoanguka, sini yako ya kwanza ni pambo.

#10 Mzee_Pingamizi

Fundi_Msuko alisema: "Navarre anazisikia na kuzichukua kama ishara"

Hapo ndipo bahati nasibu yao. Phillipe anakaa mahali pa kunywea, anajisifu kwa sauti kwamba ametoka gereza la Aquila, waliomzunguka ni askari wa Askofu. Sawa, hiyo imemwingiza taabani. Lakini Navarre kutokea dakika ileile?

#11 Bi_Taharuki

Mzee, bahati inayomtia mhusika matatani inakubalika, ile inayomtoa ndiyo inayodaiwa. Wao wameilipa kwa kuchelewa: baadaye tunajua Navarre alikuwa jirani kwa sababu alizisikia kengele, na kwamba uokoaji ule haukuwa wema, alikuwa na matumizi naye. Phillipe akikataa kurudi Aquila anafungwa kamba. Mwokozi amegeuka mtekaji. Deni limelipwa na riba.

Lakini nakubali, msaada wa namna hiyo uruhusiwe mara moja tu, tena ndani ya robo ya kwanza.

#12 Mwalimu_wa_Ngano

Kuhusu kupanda kitu mapema, tusisahau kwamba tunao mfano wa nyumbani. Kwenye utenzi wa Liyongo, akiwa kifungoni, mama yake anampelekea mkate wa wishwa wenye tupa ndani. Chakula kizuri walinzi wanakila wenyewe, cha wishwa wanakiacha kimfikie. Kisha ngoma na matari yanapigwa nje na kelele zinafunika sauti ya tupa ikikata minyororo. Kila kipande kina kazi mbili: wishwa ni dharau na ni kificho, ngoma ni furaha na ni ngao. Mwandishi akitaka kujifunza kutoroka gerezani bila miujiza asome hapo.

#13 Kalamu_Mpya

Ahsanteni sana wakuu. Swali la nyongeza: Isabeau si anakuwa mzigo tu? Nusu ya filamu ni ndege.

#14 Dada_Skrini

Swali zuri, na jibu si zuri sana kwa filamu. Sharti ni sawa kwa wote wawili kwenye karatasi, lakini mikakati yote mikubwa inapangwa mchana, Navarre akiwa mtu. Usiku, Isabeau anamtafuta mbwamwitu na kuzungumza na Phillipe. Mgawanyo umekwenda vibaya hapo.

Mahali panapomwokoa: Cezar akiwa na ngozi za mbwamwitu, ni Isabeau anayemkabili, na mwinda anaishia kwenye mtego wake mwenyewe. Mbwamwitu akizama kwenye ziwa lililoganda, kazi ya kumtoa inafanyika usiku, Phillipe anaparurwa na kucha kifuani. Kesho yake Navarre anaona zile alama na kuelewa bila kuambiwa nani alimwokoa. Alama zile ndizo zinazomlainisha akubali mpango wa Imperius angalau nusu. Tena kitu kinachoonekana, si hotuba.

Kwa anayeandika sasa: kama sharti lako linagawa muda kati ya watu wawili, hesabu maamuzi, usihesabu dakika. Chukua kalamu mbili za rangi, weka alama kila mahali mhusika anapochagua jambo linalobadilisha njia ya hadithi. Rangi moja ikiwa na alama kumi na nyingine mbili, mmoja wa wapenzi wako ni mzigo, hata kama yuko kwenye picha nusu ya filamu. Tiba rahisi ni kumhamishia uamuzi mmoja mkubwa. Kwenye Ladyhawke ningempa Isabeau lile agizo la kengele. Yeye amwambie Imperius usiku, "zikilia, usinisubirishe." Navarre asijue. Kilele kingebadilika kabisa.

#15 Kata_Picha

Dada_Skrini, akiagiza Isabeau, Navarre akisikia kengele haogopi kitu, maana hajui. Utapoteza lile kosa lake mwenyewe linalomchoma pale dirishani.

#16 Dada_Skrini

Nitalipoteza, ndiyo, ila nitapata jingine: Imperius ndiye pekee anayejua, kisu mkononi, kengele zinalia, na jua ameliona linaanza kumegwa. Aliwahi kutoa siri yao akiwa amelewa, safari hii avunje agizo akiwa timamu. Kamera ibaki kwake sekunde 20 kabla ya kurudi kanisani. Kwenye filamu ilivyo, kwa nini mwewe hakuuawa tunakuja kuelewa Isabeau ameshaingia.

#17 Kata_Picha

Sekunde 20 ni nyingi katikati ya pigano, zipunguze hadi 15 na uzipasue mara tatu: saba, tano, tatu. Na ukihamia kwake usitumie sauti ya kengele kama daraja, itumie ukimya, kengele ziwe upande wa Navarre tu. Kuna jingine nilitaka kuongeza kabla mods hawajaufunga uzi: pigo la mwisho. Askofu ameshashindwa, anamnyemelea Isabeau kwa nyuma na fimbo yake ya kiaskofu yenye ncha, Navarre anarusha upanga na kumpigilia kwenye kiti chake. Wengi wanaona ni kiongezo cha kumpa stelingi damu yake. Kimsuko kinahitajika. Imperius alishasema Askofu asife kabla laana haijavunjika, kwa hiyo kifo chake kilikuwa kimezuiliwa na sharti toka katikati ya filamu. Sharti likiisha, kizuizi kimeondoka, na mtazamaji anadai alichonyimwa. Wameweka pumzi moja fupi tu kati ya laana kukatika na upanga kuruka. Wangengoja hadi wapenzi wakumbatiane, wangelazimika kuwaachanisha tena ili Navarre apate nafasi ya kurusha.